Kikundi Chenu Kitafika Mwaka Ujao?



Nianze na swali. Kikundi chenu cha vijana kina umri gani? Kile mlichokianzisha kwa moto, mkafungua kikundi cha WhatsApp siku hiyohiyo, mkachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kabla chai haijapoa. Kiko wapi leo? Na kama bado kipo, wanachama watano wakiulizwa kikundi kinaelekea wapi, tutasikia jibu moja au majibu matano?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuzika kikundi. Tulikuwa vijana kumi na wanne hapa Eldoret, wengi wetu wa Langas na Huruma. Kulikuwa na wa bodaboda, wa mitumba, fundi wa simu mmoja, na wawili waliomaliza chuo wakakosa kazi. Tulikutana kila Ijumaa baada ya swala, kila mtu akitoa shilingi mia mbili. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa tulikuwa na pesa za kununua tenti mbili na viti mia moja vya kukodisha.

Kwa nini tenti na viti? Kwa sababu kulikuwa na kikundi kingine kilichokuwa navyo na kilionekana kinafanya vizuri. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Hakuna aliyekwenda kuhesabu ni watu wangapi mtaani tayari wanakodisha tenti. Hakuna aliyeuliza miezi ya mvua tutakula nini. Hatukuandika popote kama mwanachama akiwa na harusi au msiba atalipa au atachukua bure. Kwa hivyo kila mmoja alichukua bure. Halafu jirani ya mwanachama akachukua kwa deni. Halafu shemeji ya jirani. Tenti moja ikachanwa na upepo, na wa kuishona hakupatikana kwa sababu hatukuwa tumesema ni kazi ya nani. Kodi ya chumba cha kuhifadhia viti ikaendelea kudai kila mwisho wa mwezi. Mwishowe tuliuza kila kitu kwa bei ya kutupa, tukagawana kilichobaki.

Kuna dada mmoja aliyekuwa akiuza samosa. Yeye ndiye aliyetoa mia mbili yake kila wiki bila kukosa hata mara moja. Siku ya kugawana alipata chini ya nusu ya alichoweka. Hakulalamika. Alikunja zile noti, akazitia mkobani, akaaga. Tangu siku hiyo hajajiunga na kikundi chochote, na ukimwambia habari ya kikundi anacheka tu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Hakuna aliyeiba. Mweka hazina wetu alikuwa mwaminifu mpaka senti ya mwisho. Sisi tumezoea kwamba kikundi kikifa tunatafuta mwizi. Wakati mwingine yupo kweli. Lakini vikundi vingi vya vijana wetu havimalizwi na wezi. Vinamalizwa na watu wazuri, waaminifu, wenye bidii, ambao hawakukaa chini kuamua wanaelekea wapi, kwa njia gani, na watajuaje kama wamepotea.

Kukaa chini huko ndiko wenye elimu ya biashara wanakoita usimamizi wa kimkakati. Jina ni kubwa, linatisha kidogo, linakuja na picha ya hoteli na watu wenye tai. Lakini kitu chenyewe ni cha kawaida. Ni kujua mko hapa kwa ajili ya nini, kuangalia mazingira yenu bila kujidanganya, kuchagua njia moja na kuacha nyingine, kumpa kila mtu kazi yake, kisha kurudi kila baada ya muda kupima na kurekebisha. Michael Porter, mwalimu wa Harvard, aliandika makala mashuhuri mwaka 1996 akieleza kwamba kiini cha mkakati ni kuchagua, na zaidi ni kuchagua mambo ambayo hutayafanya. Sisi na tenti zetu hatukuchagua. Tuliiga.

Hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza haya. Mji wetu huu, ambao wazee bado wanauita Sisibo kwa sababu ya lile shamba namba 64, na ambao ulitangazwa kuwa jiji Agosti 2024, umejaa mifano. Nitakupa mitatu.

*Wa kwanza ni Rivatex.*

Muulize mzee yeyote aliyefanya kazi hapa miaka ya 1980. Rift Valley Textiles ilianzishwa miaka ya 1970, na ilikuwa fahari ya mji. Pamba iliingia upande mmoja, ikasokotwa kuwa nyuzi, ikafumwa, ikatiwa rangi, na upande wa pili kikatoka kitambaa kilicho tayari kwa fundi. Watu walioa, wakajenga na wakasomesha watoto kwa mshahara wa Rivatex.

Lakini soko la kiwanda kile lilikuwa na uzio. Nguo za nje zilizuiwa, kwa hivyo Mkenya alivaa kilichofumwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzio ukaondolewa. Mitumba ikamwagika, na vitambaa vya bei rahisi kutoka Asia vikaingia. Kufikia mwaka 2000 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kule Kisumu, Kicomi nayo ilikuwa imeanguka. Na hapa kuna jambo la kuumiza. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2000, Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Viwanda vya Athi River vikaajiri maelfu ya watu kushona nguo za kupeleka huko. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa karibu wakati mmoja, lakini Rivatex ilikuwa haina nguvu tena ya kutembea hadi huo mlango wa pili.

Utaniambia, "Lakini hilo lilikuwa kosa la serikali, si la wasimamizi." Kweli, sera zilibadilishwa ghafla, na siasa za miaka ile zilikula mashirika mengi ya umma. Sikatai. Lakini fikiria: mkakati ni wa nini, kama si kwa ajili ya siku mazingira yatakapobadilika? Hali ikiwa shwari kila mtu ni meneja hodari. Shirika linaloishi kwa kudhani kwamba kesho itafanana na jana limeshaanza kufa, hata kama leo linalipa mishahara.

Hadithi ya Rivatex haikuishia hapo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua kiwanda. Mashine mpya zikaletwa kwa mkopo kutoka India, na Juni 2019 kiwanda kilichofufuliwa kikazinduliwa rasmi. Tulifurahi sote. Lakini tatizo jingine likajitokeza: pamba iko wapi? Katika miaka ile kiwanda kilipolala, wakulima wengi walikuwa wameacha pamba. Nani atapanda zao lisilo na mnunuzi? Kwa hivyo mashine za kisasa zikawa zinangoja pamba, na kazi ikabidi iende sambamba na kuwashawishi wakulima warudi shambani. Somo ni hili: ukinunua mashine kabla ya kupanga malighafi itatoka wapi, mashine itakaa ikikutazama. Tenti zetu zilitutazama hivyohivyo.

*Wa pili ni AMPATH.*

Kama umewahi kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, umeliona jina hilo, labda bila kujua linatoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kichanga, na kikafunga urafiki na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kazi ilikuwa ya vyuo: kubadilishana walimu na wanafunzi, kufundisha madaktari. Kisha Ukimwi ukajaza wodi. Vijana wakawa wanakufa mbele ya madaktari waliosoma miaka mingi na hawana cha kuwapa, kwa sababu dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali mno.

Wangeweza kusema, "Sisi ni walimu, kazi yetu ni kufundisha." Badala yake mwaka 2001 wakaanzisha AMPATH. Na wakafanya uamuzi mmoja ambao nadhani ndio uliobeba mengine yote: huduma ya mgonjwa itangulie, mafunzo na utafiti vifuate nyuma yake. Ukishajua kinachotangulia, ugomvi mwingi unaisha wenyewe. Kila pendekezo likija mezani unaliuliza swali moja tu: hili linamsaidia mgonjwa?

Angalia vile walivyofanya kazi. Hawakuanza kila mahali. Walianza hapa Eldoret na katika kituo cha Mosoriot, huko Nandi, wakajifunza, ndipo wakapanuka hadi vituo vingi vya magharibi mwa Kenya. Tena pale Mosoriot tayari walikuwa wameanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, jambo ambalo wakati ule katika zahanati za mashambani lilionekana kama ndoto. Kazi hiyo ya Mosoriot na Eldoret ilikuwa miongoni mwa mbegu za OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Yaani kitu kilichoanzia kituo cha afya cha hapa jirani kimefika ulimwenguni, na kilianza kwa sababu watu waliona haja ya kuandika.

Kisha wakapima na kukuta tatizo. Mgonjwa anapewa dawa, lakini nyumbani hana chakula. Dawa kali juu ya tumbo tupu haziendi mbali. Wangeweza kusema chakula si kazi ya hospitali. Wakaanzisha mashamba ya kulisha wagonjwa, na mpango wa kuwasaidia kupata kipato. Baadaye wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kupima watu badala ya kungoja wagonjwe ndipo waje. Mwisho wake hata maana ya jina ilibadilishwa. Mwanzoni herufi za AMPATH zilisimamia mfumo wa vyuo vikuu wa kuzuia na kutibu virusi vya Ukimwi. Baadaye zikasimamia mfumo wa vyuo vikuu wa kuwafikishia watu huduma za afya. Lengo halikupotea njiani. Lilikua.

Halafu ukaja mtihani. Unakumbuka, au umesimuliwa, Januari 2008 hapa Eldoret. Nyumba ziliungua, barabara zikafungwa, watu wakakimbia. Mgonjwa anayetakiwa kumeza dawa kila siku, asipoimeza kwa wiki kadhaa, virusi vinaweza kuzoea dawa hiyo. AMPATH walitangaza redioni, wakatumia simu, wakawafuata wagonjwa hadi kambi za waliofurushwa. Hebu jiulize: wangemtafutaje mtu ambaye hawana jina lake, simu yake wala tarehe yake ya kuja kliniki? Daftari lililoandikwa wakati wa amani ndilo lililookoa watu wakati wa vita. Katibu wa kikundi, hapo nakuomba urudie kusoma.

Najua kuna anayesema, "Ah, hao walikuwa na pesa za Wazungu." Ni kweli pesa ziliingia, na nyingi. Lakini tazama mfuatano wa miaka. AMPATH ilianza 2001. PEPFAR, ule mfuko mkubwa wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, ulianzishwa 2003. Pesa zilipofika zilikuta watu ambao tayari wana kazi, wana kumbukumbu na wanajua wanachohitaji. Pesa hufuata mpango. Zikitangulia mpango zinaleta ugomvi.

Na tusiwafanye malaika. Januari 2025, serikali ya Marekani ilipositisha ghafla misaada yake ya nje, huduma za Ukimwi zilitikisika kote Kenya, na ukanda wetu huu haukubaki nyuma. Hata mpango mzuri ukiegemea mkono mmoja, mkono ule ukiondolewa unayumba. Kwa hivyo nawe jiulize: kikundi chenu kinaegemea mkono wa nani? Mheshimiwa mmoja? Mfadhili mmoja? Mwanachama mmoja mwenye gari na simu nzuri? Siku huyo akiondoka, nani atafungua mlango?

*Wa tatu unamjua.*

Kilomita chache kutoka hapa, kule Kaptagat, ndiko Eliud Kipchoge alikojinoa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang. Tunapenda kuhesabu medali zake, lakini mimi napenda kuangalia mwaka wake mbaya. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Akapata shaba ya Olimpiki 2004, na fedha 2008. Kisha mwaka 2012 akakosa kabisa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Vijana wenye kasi zaidi walikuwa wameingia uwanjani.

Wengi wangefanya nini? Wangeendelea kugombania mita 5,000 mpaka wasahaulike, au wangelaumu waliochagua timu. Yeye na kocha wake walitazama hali ilivyo: mbio zile zilikuwa zinampita, lakini uvumilivu na nidhamu yake bado vilikuwepo. Aprili 2013 akakimbia marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg, akashinda. Mengine ni historia: dhahabu za Olimpiki za marathoni Rio na Tokyo, rekodi za dunia Berlin 2018 na 2022.

Mei 2017, kule Monza, Italia, alijaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Akashindwa kwa sekunde 25. Hawakurudia jaribio lilelile kwa matumaini tu. Mji ulichaguliwa upya, njia ikachaguliwa upya, na hata mpangilio wa wakimbiaji wa kumkinga na upepo ukabadilishwa. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, akamaliza kwa saa 1:59:40, akisindikizwa kwa zamu na wakimbiaji 41. Mtu mmoja ndiye aliyeingia kwenye vichwa vya habari. Lakini wale 41 kila mmoja alijua anaingia lini, anasimama wapi na anatoka lini. Kikundi chenu cha watu kumi na wanne, je, kila mmoja anajua hivyo?

*Sasa turudi kwenye kikundi chako.*

Najua vile mambo huwa. Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu kumi, na inataka katiba. Kwa hivyo unakwenda saiba, unamwambia kijana wa pale, "Nipe katiba ya kikundi." Anafungua faili la kikundi kingine, anabadilisha jina, unalipa, unaondoka. Cheti kikitoka mnapiga picha nacho. Ile katiba haisomwi tena mpaka siku ya ugomvi. Na hapo ndipo mnagundua kwamba kifungu cha kugawana mali kinazungumzia kikundi cha wafugaji wa kuku.

Karatasi pekee si mkakati. Mkakati ni maamuzi ambayo mnayajua kwa kichwa na mnayafuata kwa mikono. Kwa hivyo nakuomba, kabla hamjafikiria mkopo au zabuni, mjibu maswali haya matano. Myajibu pamoja, kwa sauti, na katibu aandike.

Moja: tuko hapa kwa ajili ya nini? Jibu liwe sentensi moja ambayo hata mwanachama aliyechelewa anaweza kuisema. "Kuinua maisha ya vijana" si jibu, hata kaunti nzima inasema hivyo. "Kumwezesha kila mwanachama kumiliki pikipiki yake ndani ya miaka mitatu," hilo ni jibu. Linapimika, na likitimia mtajua limetimia.

Mbili: huko nje kuna nini? Tembeeni mtaani. Mkitaka kufungua kazi ya kuosha magari, hesabuni waliopo kuanzia barabara ya Uganda hadi mnakotaka kuweka. Ulizeni maji yanatoka wapi. Ulizeni aliyefunga kwa nini alifunga, maana huyo ana elimu kuliko aliyefaulu. Na angalieni fursa pia. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni wangapi kati yetu hapa Uasin Gishu tumeandaa stakabadhi zetu kabla tangazo halijatoka? Wengi tunaanza kutafuta cheti cha ushuru siku mbili kabla ya mwisho, kisha tunasema zabuni zinauzwa. Zipo zinazouzwa, sikatai. Lakini ile usiyoomba huwezi kudai uliibiwa.

Tatu: tunakataa nini? Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu sisi tunaona aibu kukataa. Kikundi kimoja kinataka kuweka akiba, kufuga kuku, kucheza mpira, kusaidia mayatima, na kumpigia kampeni mheshimiwa. Vyote ni vizuri au vinaweza kuwa vizuri, lakini watu kumi na wanne na mia mbili kwa wiki hawatoshi kufanya vyote. Chagueni kimoja. Vingine vipeni heshima yake, mseme, "Si mwaka huu." Na mheshimiwa mwambieni asante.

Nne: nani, na lini? Kila uamuzi uwe na jina la mtu na tarehe. Hapa niseme kitu kidogo kwa upendo. Kwenye mikutano yetu kila jambo gumu lilikuwa linamalizwa na "inshallah tutaona." Neno tukufu kabisa. Lakini tulilifanya pazia la kufunika uvivu wetu. Mwenye kusema inshallah kwa kweli ni yule aliyekwisha kupanga, akaweka tarehe, akafunga kamba, kisha akajua kwamba matokeo hayako mikononi mwake. Yule ambaye hajapanga chochote anatafuta tu namna ya kuufunga mkutano.

Tano: tutajuaje kama tumepotea? Kila miezi mitatu kaeni siku moja bila ajenda nyingine. Mlisema mtafanya nini? Mmefanya nini? Pesa ziko wapi, mbele ya macho ya wote? Kuna nini kimebadilika mtaani? Kama njia haifanyi kazi, ibadilisheni mapema, kabla hamjafika mahali pa kuuza viti kwa bei ya kutupa. Kubadilisha njia si aibu. Kipchoge alibadilisha mbio.

Na nyongeza moja kwa wenyeviti. Ukiondoka leo kwenda kazi Qatar au Saudia, kikundi kitaendelea kesho? Kama namba ya siri ya akaunti iko kichwani mwako, kama mawasiliano yote yako kwenye simu yako, kama mkutano haufanyiki ukiwa haupo, basi hujajenga kikundi. Umejenga kibanda chako mwenyewe na watu wamekuja kukaa kivulini. Mfundishe msaidizi wako sasa, ungali hapa.

Kwa nini nalisukuma jambo hili kwako kwa nguvu hivi? Kwa sababu sisi vijana tunasema kila siku kwamba tunataka haki zetu, tunataka nafasi mezani, tunataka kusikilizwa na kaunti na serikali. Ni haki yetu. Lakini siku ya kuitwa mezani, anayesikilizwa ni yule aliyekuja na kikundi kilicho hai, chenye daftari, chenye hesabu, chenye miaka mitano ya kutekeleza kile kilichosema. Aliyekuja na hasira peke yake anapewa soda na kuambiwa suala lake linashughulikiwa. Kila kikundi chetu kinachokufa kizembe kinatupunguzia uzito sote, hata wewe ambaye hukuwa mwanachama.

Na kwa sababu ya yule dada wa samosa. Zile mia mbili zake zilikuwa unga, mafuta na kuamka saa kumi usiku. Alitukabidhi, sisi tukazichukulia kama mchango tu wa wiki. Pesa zinaweza kutafutwa tena. Imani yake sijui tutaitafutia wapi. Ukikaa katika kamati yoyote, ya chama, ya msikiti, ya timu ya mpira, jua kwamba mbele yako kuna mtu kama yeye, ametoa na amenyamaza, anakutazama.

Kwa hivyo fanya jambo moja wiki hii. Kwenye mkutano ujao, kabla ya kuhesabu michango, mpe kila mwanachama kipande cha karatasi. Aandike kwa sentensi moja: kikundi chetu kiko kwa ajili ya nini? Kusanyeni, zisomeni kwa sauti, bila kutaja majina.

Zikifanana, mshukuruni Mungu na muendelee na kazi. Zisipofanana, msinunue kitu chochote siku hiyo.